Koti Lisilofuliwa

Jumamosi, tarehe 1

Daftari hili nimelidai mwenyewe, sikupewa. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu, kanunua madaftari ya watoto wa kambi, kila mtoto aandike siku yake ilivyokwenda. Akampa na mama yake moja. Mama yake akalikumbatia kama kapewa kichanga. Mimi nilikuwa pale pale, ungo mapajani, nachambua maharage, na hakuna aliyenitazama. Nikauliza, "Na mimi?" Mkamwana akashtuka. "Mama, utaandika?" Nikamwambia, "Kwani uliponikuta hapa nilikuwa natia dole gumba?" Darasa la nne nilifika. Sikulimaliza, lakini nilifika.

Basi naandika. Shamba langu linageuzwa kambi. Watoto wa mjini wataletwa likizo hii ndefu, walale kwenye mahema nyuma ya stoo, wafundishwe kulisha kuku, kuchimba viazi na kukamua. Wazazi wao wamekubali. Watu wamekosa kazi ya kuwapa watoto wao, wanawaleta wakafanye ya kwangu. Wazo ni la mkamwana, na mwanangu kwa mkewe hana neno "hapana". Mimi niliulizwa mwisho, mahema yalipokuwa yameshafika.

Mama wa mkamwana kaja kusaidia. Alikuwa mwalimu wa chekechea, sasa kastaafu. Ni mkwe mwenzangu, namheshimu. Humu ndani namwita Bibi Miwani.

Na kuna jambo lililonikaa kooni. Mjukuu wangu Chiriku, tunamwita hivyo kwa vile mdomo wake haupoi, analala chumbani kwangu tangu alipoacha kunyonya. Likizo ikiisha wanataka akasome mjini, akae kwa Bibi Miwani. Mwanangu kasema mtoto ataamua mwenyewe siku ya kufunga kambi. Mtoto wa miaka kumi na mbili, aamue! Mimi niliolewa sikuulizwa hata rangi ya gauni.

Jumapili, tarehe 2

Mwanangu kachora kibao cha getini. KARIBU SHAMBANI KWA BIBI. Chini yake bibi anatabasamu, kavaa miwani.

Mimi sina miwani. Namwona mwewe kabla kuku hajamwona. Nikamwita mwanangu, nikamwuliza huyu ni nani. "Mama, ni bibi tu. Bibi yeyote." Nikamwambia bibi yeyote hana shamba.

Jumatatu, tarehe 3

Wamefika. Kelele. Mmoja kaniuliza maziwa yanaingiaje kwenye pakiti. Mwingine kila ukisema neno anauliza kwa nini, nimeshampa jina, Kwa Nini. Kauliza kwa nini jogoo anawika, nikamjibu kwa sababu hana daftari.

Jumanne, tarehe 4

Jioni wanakaa kuzunguka moto na Bibi Miwani anawapa hadithi. Sungura wake anavaa viatu. Fisi wake anapiga mswaki. Watoto wanacheka mpaka wanabingirika. Mimi nilikuwa naosha masufuria, nikasema kwa sauti kwamba sungura wa kwangu alikula kabichi zote za mwaka juzi na hakuwa na kiatu hata kimoja. Hakuna aliyecheka.

Chiriku alikuwa kaweka kichwa mapajani kwa yule mama. Baadaye kaja chumbani kuchukua mto wake. "Bibi, leo nalala hemani na bibi wa mjini." Nikamwambia kalale. Nani kamzuia?

Kitanda kimekuwa kipana bila sababu.

Jumatano, tarehe 5

Mkamwana kaja na karatasi yake ya ratiba. Kesho asubuhi ni kukamua. "Mama, utawaonyesha watoto?" Alivyouliza ni vizuri, kwa adabu, lakini nilikuwa nimetoka kupita getini nikaiona ile miwani. Nikamjibu, "Mimi si sarakasi." Akakunja karatasi yake, akasema, "Basi mama yangu atajaribu." Nikacheka kwa moyo wote. Nikamwambia, "Ajaribu. Shangazi atampiga teke miwani ifike barabarani."

Shangazi ni ng'ombe wangu. Marehemu mume wangu ndiye aliyempa jina hilo, kwa vile anapenda heshima na asipoipata anapiga. Tangu ndama wake afe, maziwa hayashuki ovyo. Yule ndama aliugua siku za mvua, nikamfunika koti la marehemu, akalala nalo mpaka alipokata roho. Kesho yake niliingia zizini nimelivaa, baridi ilikuwa kali. Shangazi akanusa mkono wa koti, akavuta pumzi ndefu, akashusha. Siku niliyoingia bila koti alinitazama kama mkopeshaji. Basi koti linakaa kwenye msumari mlangoni mwa zizi, na amri niliitoa siku ile ile: lisiguse sabuni.

Bibi Miwani hayajui haya. Wala sikumwambia.

Alhamisi, tarehe 6

Kamkamua.

Nilikuwa nje nakata majani ya ng'ombe, nikasikia. Ile sauti ya maziwa yakipiga ndoo tupu naijua miaka yote nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Sikuwahi kuisikia nikiwa nje. Nikaweka panga chini, nikachungulia. Amekaa kwenye kigoda changu, kavaa koti la mume wangu juu ya sweta lake la sufu, paji la uso kaliegemeza ubavuni kwa Shangazi kama ninavyoegemeza mimi, na anaguna, "Mmh, mmh, taratibu mama, mmh." Mguno wangu! Hata mguno! Shangazi kafumba macho. Watoto wanapiga makofi. Chiriku kashika mkia ili usimpige bibi yake mpya usoni.

Akaniona. "Bibi! Umeona? Bibi wa mjini ameweza!"

Nikasema, "Ndoo haijajaa."

Ijumaa, tarehe 7

Sikula. Nimesema tumbo.

Jumamosi, tarehe 8

Kakamua tena, asubuhi na jioni. Watoto sasa wanamwita Bibi Maziwa. Mimi wananiita Bibi Usiguse. Nimewasikia.

Chakula cha mchana mkwe alinusa kwapa la sweta lake, akakunja uso. "Mkwe wangu, sweta hili limekuwa ng'ombe mzima. Na halifuliki kwa sabuni hizi, litarudi la mwanasesere. Ngoja nilifunge kwenye mfuko mpaka mjini." Nikamwambia pole. Kisha nikaenda stoo, nikacheka peke yangu kati ya magunia mpaka nikapaliwa na vumbi.

Jumapili, tarehe 9

Mawingu, mvua haikushuka. Chiriku hakuja kunisalimia mpaka saa nne. Alikuja mbio, kasimulia Kwa Nini alivyokwama kwenye banda la kuku, kaondoka mbio. Zamani alikuwa ananisalimia kabla sijavaa viatu.

Wapo watakaosema naona wivu. Nimwonee wivu mwanamke asiyejua kuku anayelalia mayai na kuku mgonjwa?

Jumatatu, tarehe 10

Nimefikiri, na nimepata. Shangazi ananijua mimi. Mikono hii ndiyo iliyomtoa tumboni mwa mama yake. Koti ni koti tu. Yule mama anakamua kwa koti, mimi nakamua kwa mikono. Sasa koti likitakata, mwenye mikono atabaki na mwenye koti ataumbuka, na watoto wote wataona, na Chiriku ataona.

Nikachemsha maji. Nikachukua kipande kizima cha sabuni. Maji yalitoka meusi kama chai iliyolala, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikasuuza. Nikalianika kwenye kamba mbele ya mahema, kila mtu alione.

Mkamwana akapita, akasimama mdomo wazi. "Mama, si ulisema koti hili lisi..."

"Linanuka. Wageni wanalalamika, masweta yao yanaharibika."

Akaniangalia. Akapita zake. Ana adabu yule binti, lazima niseme.

Jioni nikawaita watoto wote waje zizini. Nimevaa koti, safi, limenyooka. Shangazi akanusa mkono, akageuza shingo. Nikaguna, nikakanda kiwele, nikavuta. Matone. Nikawaambia watoto amechoka, leo mmemsumbua sana. Kwa Nini akauliza kwa nini jana hakuchoka.

Jumanne, tarehe 11

Siku ya leo niiandike yote, hata mkono ukiuma.

Asubuhi Shangazi alinipiga teke. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza. Si kwa nguvu, la kunisogeza tu, kama mtu anayemsogeza mgeni aliyekaa mahali pa mwenyewe. Ndoo ikapinduka, haikuwa na kitu cha kumwagika. Watoto wamepanga mstari na vikombe vyao. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Mkamwana akasema polepole, "Labda mama yangu ajaribu."

Nikatoka kwenye kigoda. Nikavua koti, nikampa mkwe kwa mkono wangu. Akakaa, akaguna, akavuta. Shangazi akampiga na yeye. Miwani ikaruka ikaangukia kwenye majani, kama nilivyotabiri. Ninaandika ukweli: nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto. Furaha ile ilidumu kama mate juu ya bati la jua, maana Shangazi alitoa sauti. Si mlio wa njaa. Ni ile aliyoitoa siku ya ndama.

Nikashika kiwele. Kigumu kama jiwe, na cha moto.

Mwanangu akampigia simu daktari wa mifugo. Yuko mbali, atafika kesho. Akasema maziwa yasilale humo, yakilala kiwele kitaoza, na ng'ombe anaweza kwenda nacho. Basi tukahangaika. Maji ya uvuguvugu, mafuta, kumkanda mimi huku na mwanangu kule. Mwanangu kamshika pembe, kavutwa nusu ya zizi. Shangazi hakushusha. Anashika maziwa yake kama ninavyoshika neno langu. Kiburi hicho kajifunza kwa nani, siulizi.

Jua lilipokuwa kichwani nikawafukuza wote. Nikakaa kwenye majani, koti mapajani. Nikalinusa ili nijue yeye ananusa nini.

Sabuni.

Nikageuza kola, nikanusa. Nikageuza mifuko. Zamani kwenye mfuko wa kushoto palikuwa na tumbaku, na kwenye kola palikuwa na mafuta yake ya kichwa, na juu ya hapo yule ndama. Nilikuwa nikilivaa kila asubuhi, nisilinuse makusudi, nikijua vyote vipo. Sabuni tupu. Nimemfua mume wangu. Nimemfua kwa maji ya moto, mara tatu, nikamwanika mbele za watu ili nimkomeshe mwanamke aliyekuja kunisaidia.

Chiriku alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini. Akaja akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikaa bila kusema. Halafu akasema.

"Bibi, sweta."

"Sweta gani?"

"La bibi wa mjini. Alilivaa chini ya koti siku zote zile. Limo kwenye mfuko, kalifunga."

Nilielewa pale pale. Harufu ya koti ilikuwa imehamia humo.

"Na tena bibi, usimkasirikie. Alikuwa hajui kitu. Anavuta chuchu kama anafunga zipu. Mimi ndiye nilimfundisha. Nilimwambia vaa koti, ingia kwa kulia, weka paji hapa, guna hivi, bana juu kwanza. Nikamwambia bibi yangu anafanya hivi na hivi, usiongeze lako."

"Wewe ndiye uliyempa mguno wangu?"

"Wewe si ulikataa? Nilitaka watoto wausikie."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Kumbe na kinachokupenda kinaweza kuwa humo humo, na wewe unakifua.

Nikaenda hemani. Mkwe alikuwa anafuta miwani yake, kioo kimoja kina ufa. Kumwomba mtu kitu ni kazi ngumu kuliko kupasua kuni, na mimi kuni nazipasua mwenyewe mpaka leo. Nikasema, "Mkwe, naomba sweta lako."

Hakuuliza la nini. Akafungua sanduku, akatoa mfuko, akafungua fundo. Harufu ikatoka na kutusalimu wote wawili. Nikamwambia avae, aje ajaribu. Akatikisa kichwa.

"Vaa wewe. Ng'ombe ni wako."

"Koti nilifua mimi. Si kwa sababu lilinuka."

"Najua, mkwe wangu. Ungeniambia tu nisiliguse."

"Ningekuambia, ungekuwa umeshinda."

"Ningeshinda nini?"

Jibu alilipata mwenyewe. Akavaa miwani yake yenye ufa, akaniambia, "Sikiliza. Unadhani wivu ni wako peke yako? Kila usiku nalala na huyu mtoto hemani. Nikianza hadithi ananikatiza. Bibi yangu alimfukuza nyoka kwa mwiko. Bibi yangu alimjibu diwani hivi. Bibi yangu, bibi yangu. Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu, na sungura wangu wa viatu anashindwa na wewe na mwiko wako. Chukua sweta uondoke, kabla sijabadili mawazo."

Nikalichukua. Sikusema asante. Nimeiandika hapa.

Sweta halikunitosha. Kifungo hakikufikia tundu hata kwa kuvuta pumzi, na mikono iliishia kwenye viwiko. Watoto walipoona, Kwa Nini akauliza kwa nini bibi kavaa nguo ya mtoto, na wakacheka wote, na nikawaacha wacheke. Nikaingia kwa kulia. Shangazi akageuka, akanusa kiwiko. Akanusa kifua. Lina marashi ya yule mama, maua ya dukani, nikadhani tumeharibikiwa. Akanusa tena. Akavuta ile pumzi ndefu.

Nikaweka paji langu ubavuni. Nikaguna. Nyuma yangu nikasikia mguno wa pili, ni Chiriku, halafu wa tatu, mwenye miwani. Ndoo ikapiga kelele.

Jumatano, tarehe 12

Daktari kafika. Kasema kiwele kitapona. Kauliza nani kamvisha ng'ombe marashi.

Alhamisi, tarehe 13

Mvua. Mahema mawili yamevuja, watoto wote wamelala stoo juu ya magunia. Nimewasimulia ya nyoka na mwiko. Nyoka nimemwongeza urefu.

Jumamosi, tarehe 15

Mkwe kajaribu kupasua kuni. Shoka limebaki gogoni, yeye kabaki na mpini. Nimemwambia arudi kwa sungura wake.

Jumatano, tarehe 19

Chiriku karudi kulala chumbani. Nilidhani ndiyo jibu. Usingizi ulikuwa mtamu mpaka jogoo akanikuta.

Jumamosi, tarehe 22

Wazazi wamekuja kuchukua watoto wao. Kwa Nini kalia getini, kashika nguzo ya kibao, mama yake kamwuliza kwa nini. Mkamwana kanishika mkono mbele ya watu wote, kasema kambi itarudi likizo ijayo, na mwalimu wa kukamua ni mimi. Nimekubali. Mwanangu kauliza kama afute ile miwani kwenye kibao. Nimemwambia aiache, aongeze ufa. Na amvalishe yule bibi koti.

Chiriku alinifuata zizini asubuhi, kabla magari hayajafika. Nilikuwa nakamua, nimevaa sweta lisilofungika.

"Bibi, nitaenda mjini."

Nikaendelea kukamua. Ng'ombe akishashusha, humwachi kwa ajili ya maneno.

"Umesikia, bibi?"

"Nimesikia. Nenda. Shule ya huku mwalimu mmoja ana madarasa matatu, hata mimi najua. Ukikaa hapa kwa kunihurumia nitakuchapa."

"Na likizo nitakuja na yeye."

"Miwani yake iwe mipya. Ya ufa inamtisha ng'ombe."

Nilipomaliza, nikamchukulia koti la babu yake msumarini. Limebana kidogo tangu nilichemshe, sasa linamtosha yeye. Nikamwambia humu zizini halina kazi tena. Akalivaa, akanusa mkono, akasema, "Linanuka sabuni." Nikamwambia avae sana, litapata harufu yake.

Sweta mkwe kaniachia. Kasema mjini hakuna anayelitaka kwa jinsi lilivyo. Hiyo ndiyo heshima yake ya kutoa, nimeizoea. Nimelitundika kwenye msumari wa koti, mlangoni mwa zizi. Kila asubuhi nitamvaa yule mama, nitake nisitake. Lakini na yeye kila jioni akifungua kabati lake, atakuta koti langu limening'inia katikati ya magauni yake, na mtoto atamwambia habari zangu.

Sweta lisiguse sabuni. Atakayelifua nitamkata mkono.